Mteremko wa Mai Mahiu wapima tairi

Atokaye Nairobi kwenda Narok, akishapita Limuru, huliona Bonde la Ufa limetanda chini yake. Barabara hii ya mteremko ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, na kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali kando yake.

Mandhari yapendeza, ila mvua ikinyesha lami huteleza. Hapo ndipo tairi za misimu yote za bei nafuu hujulikana. Gari zima hushika ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja. Mpira wa tairi hizo mara nyingi ni mgumu: hukawia kuisha, lakini penye maji gari huchelewa kusimama, na konani hukataa kufuata usukani.

Si kila mzazi awezaye kununua za bei ghali. Basi kabla ya safari, tazama ubavuni mwa tairi: tarakimu 2319 mwishoni mwa alama ya DOT maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha teremka kwa gia ndogo, na lori la mbele uliache mbali.