Wema wa Mungu Haupimwi kwa Mizani

Mimi ni mwalimu wa shule hapa Chokocho, upande wa kusini wa kisiwa cha Pemba, mahali ambapo mashua za Kisiwa Panza huja kushusha watu na mizigo yao. Sisi Wakristo wa Pemba ni wachache sana. Majirani zangu karibu wote ni Waislamu, nami nimekaa nao kwa amani. Leo sitaki kuwahubiria, maana mimi si padre. Nataka kuwaeleza habari ya jaribu lililonipata, na jinsi lilivyonifundisha neno ambalo nilidhani nalijua tangu nilipokuwa chuoni.

Mtoto wetu wa pili ana ugonjwa wa selimundu, ambao ni ugonjwa wa damu, na mtu huzaliwa nao. Ukimshika, viungo humwuma hata hataki kuguswa, naye hulia usiku kucha. Mwaka mmoja ulimshika mara tatu katika muda wa miezi miwili. Nauli, dawa na kukaa hospitali vikamaliza akiba yetu. Nikakopa, kisha nikakopa tena ili nilipe deni la kwanza. Tena mikarafuu yetu michache haikuzaa mwaka ule. Kila usiku niliomba, nikisema, "Ee Bwana, nifungulie mlango."

Siku moja, jua lilipokwisha kuchwa, akaja mtu ninayemfahamu. Akanisalimu vizuri, akauliza hali ya mtoto, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, ninayo magunia yangu, nataka yalale kwako usiku mmoja tu. Nyumba ya mwalimu haipekuliwi na mtu." Mara nikafahamu. Kwa sheria ya Zanzibar, karafuu huuzwa kwa shirika la serikali peke yake, na mtu azipelekaye kwa siri mpaka pwani ya Kenya afanya magendo. Akanitajia fedha atakazonipa. Zilitosha kulipa madeni yangu yote, na nyingine zibaki.

Nawaambieni kweli, sikukataa. Nilimwambia, "Njoo kesho usiku." Nikaingia ndani kwa furaha, nikasema moyoni, "Bwana amesikia; huu ndio mlango." Angalieni, ndugu zangu, jinsi jaribu linavyokuja. Tangu utoto wangu nilifikiri ya kuwa likija nitalijua kwa ubaya wake. Kumbe, lilikuja kama jibu la sala yangu mwenyewe.

Nilipomweleza mke wangu, hakunigombeza. Alikuwa akimkanda mtoto miguu. Akaniuliza, "Baba watoto, magunia hayo yatapita njia gani?" Nikamjibu, "Yatapita baharini, usiku, kwenye mikoko." Akasema, "Kama alivyoletwa bibi yenu." Wala hakuongeza neno.

Yafaa niyaeleze maneno hayo. Katika ukoo wetu husimuliwa habari za bibi mmoja aliyetekwa bara alipokuwa mtoto, akaletwa Pemba kwa jahazi, akashushwa usiku mikokoni kwa siri. Sababu ya watu kama yeye kuletwa huku yajulikana. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, lakini Pemba haikudhurika sana. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa huku wakapata faida. Bila shaka wengi wao walimshukuru Mungu kwa wema wake. Lakini karafuu nyingi hutaka mikono mingi. Hata baada ya Seyyid Barghash kukubali mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, watu waliendelea kuletwa Pemba kwa magendo, na bibi yetu alikuwa mmoja wao. Alichuma karafuu zisizo zake hata mwaka 1897, sheria ilipoacha kuutambua utumwa katika visiwa hivi. Ndipo wamisheni wa Friends walipofika Pemba kuwasaidia waliopata uhuru, na baadaye watoto wake wakajifunza kusoma.

Usiku ule sikupata usingizi. Niliwaza hivi: tufani ile ile ilikuwa baraka kwa mwenye shamba, na kwa bibi ikawa utumwa. Kama wema wa Mungu hupimwa kwa mavuno, basi Mungu alikuwa mwema kwa yule bwana, na kwa yule mtumwa alikuwa mbaya. Lakini katika ukoo wetu husimuliwa ya kuwa bibi hakuacha kumshukuru Mungu kila alfajiri, kabla ya kuwa huru na baada yake. Zamani niliona ni desturi ya wazee tu. Usiku ule nilifahamu. Bibi hakuuita utumwa wema, wala hakusema kwamba Mungu ndiye aliyemteka. Uovu aliujua kuwa ni uovu wa watu. Na kwa kuwa aliujua hivyo, hakukubali uovu wa watu umnyang'anye Mungu wake pia.

Nami je? Nilikuwa nimemtia Mungu katika mizani, kama mnunuzi apimavyo gunia. Mtoto akilala vizuri, Mungu ni mwema. Mtoto akilia, nina mashaka. Shetani alidai kwamba Ayubu alimcha Mungu kwa ajili ya mali yake tu. Niliona ya kuwa dai hilo, ambalo juu ya Ayubu lilikuwa uongo, juu yangu lilikuwa karibu kuwa kweli.

Kesho yake mtu yule alipokuja, nikamwambia kwamba siwezi. Akacheka, akasema, "Haya, mwalimu, Mungu wako atakulipia." Sikuwa na jibu, akaenda zake.

Sasa msifikiri ya kuwa ulitokea mwujiza. Niliuza baiskeli yangu, na deni lililobaki nililipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi kumi na minne. Mtu yule hakukamatwa, na nyumba yake ina bati jipya. Mara nyingi nimepita mbele yake kwa uchungu moyoni. Mzee mmoja jirani, Mwislamu, ambaye sikumweleza lo lote, alituletea kapu la muhogo na samaki, akasema, "Subira, mwalimu." Hayo ndiyo yaliyokuja. Mtoto bado ugonjwa humrudia, nami bado huomba apone.

Lakini siombi tena kama mtu anayedai. Ninyi mkaao penye mikarafuu mwajua ya kuwa mti huu hauzai sawasawa. Mwaka mmoja huzaa sana, kisha mwaka wa pili, hata wa tatu, hutoa kidogo au hautoi. Mgeni akiuona mwaka wa ukavu, husema haufai, ukatwe. Mwenyeji haukati, kwa sababu aujua mti wenyewe, si mavuno yake tu. Basi na sisi tumjue Mungu hivyo, katika kazi zetu za kila siku, tunapowasahihishia watoto daftari zao kwa haki, tunapolipa madeni yetu, na tunapokesha na mgonjwa.

Nawe msomaji uliye katika shida, omba, wala usichoke kuomba. Lakini likikujia jibu la haraka, usilipokee kabla ya kuuliza kama mke wangu alivyoniuliza mimi: litapita njia gani?