Mlango wa maua uliokula likelemba yetu



Katika mkutano wa juma lililopita wengi mliuliza kwa nini kikundi chetu cha maua hakipokei tena kazi ya dekorasiyo bila avansi. Wengine mlidhani tumepata kiburi. Jibu ni refu, na lina aibu ndani yake. Tumepatana kuliandika lote, kwa sababu tunajua vikundi viwili hapa Bukavu vinavyotaka kuingia katika kazi hii mwaka huu.

Sisi ni wamama tisa. Tulianza kwa kuuza maua kando ya barabara: arumu nyeupe kutoka mabonde yenye maji ya Kabare, roza za bustani, hortansia za parsele za zamani. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,500, na ubaridi wake unayapenda maua. Buke ya bibi arusi tuliuza dola 10, taji la msiba dola 15. Kwa majuma mengi tulipogawana, kila mmoja alirudi na pesa ya sabuni na chumvi.

Wakati huohuo tuliwaona wenye kupamba kumbi wakipokea dola 300 au 400 kwa vitambaa na maua ya plastiki, ambayo sherehe ikiisha yanakunjwa na kurudi ndani ya mifuko kungoja arusi nyingine. Ndipo mdogo wetu katika kikundi akasema: tuache kuhangaika na vitu vidogo, tufanye kitu kimoja kikubwa ambacho mtu hawezi kukipita bila kusimama. Mlango mzima wa maua mabichi, mita 3 kwenda juu.

Alikuwa ameona video. Dada yake anayeishi Brussels alimtumia picha za uwanja wa Grand-Place, ambao kila baada ya miaka miwili, katika mwezi wa Agosti, hufunikwa maua kama mkeka. Walianza mwaka 1971, na ua lao la jadi ni begonia, linalolimwa pande za Ghent. Wajitoleaji zaidi ya 100 wanapiga magoti na kuyapanga kwa mkono kwa saa chache, na baada ya siku chache yote yanaondolewa. Kuingia uwanjani ni bure. Ila anayetaka kuuona mchoro wote kutoka balkoni ya jumba la mji anakata tikiti, na mikahawa ya pembeni inajaa watu. Mdogo wetu katika video ile aliona maua. Mtunza kesi wetu aliona ile mikahawa.

Tena haikuwa kazi ya kizungu tu. Tangu utoto tumeona migomba ikisimikwa njiani na majani yakifungwa juu yake mgeni mkubwa anapokuja. Tulijiambia kwamba mlango wa maua ni binamu wa ile migomba.

Kazi ya kwanza tuliipata mwezi wa Agosti, kipindi cha arusi. Familia yenye uwezo ilikubali dola 250. Avansi hatukuomba. Mama wa bwana arusi anasali pamoja na mmoja wetu, na tuliona haya kumtajia pesa kabla ya kazi. Kwa hiyo tulichukua dola 140 ndani ya kesi ya likelemba.

Hapa ndipo aibu ilipo. Ndani ya zile 140 kulikuwa na dola 60 za mama ambaye mwezi ule ilikuwa zamu yake kupokea, naye alizingoja kwa minervali ya watoto wake wawili mwezi wa Septemba. Tulimwuliza kama anakubali tuzitumie kwanza. Alisema ndiyo. Lakini aliisema ndiyo hiyo huku wanane tukimtazama, na mwanamke gani angesema hapana mbele ya macho kumi na sita?

Maua tuliyakata saa nne, jua limeshapanda. Tuliyabeba juu ya kamioneti bila kuyafunika, na vumbi la kiangazi mnalijua. Tuliyafunga kwenye miti mikavu, bila tone la maji. Arumu zilivumilia. Hortansia zilianza kuinama saa nane, na maharusi walipofika saa kumi, juu ya vichwa vyao vilining'inia kama matambara ya kudekia. Picha zikapigwa hivyohivyo. Familia ilitulipa dola 80 na kusema zilizobaki ni za maua yaliyokufa. Tulikasirika sana, lakini usiku tulipokaa wenyewe kwa wenyewe tulikiri kwamba nusu ya haki walikuwa nayo.

Watoto wale wawili walirudishwa nyumbani kwa muda wa majuma matatu. Tulikusanya kidogo kidogo, na mwezi wa Oktoba tukamlipa mama yao dola zake zote 60. Alizihesabu, akashukuru, na juma lililofuata hakuja.

Kwa miezi mitatu hakuna aliyetaka kusikia neno mlango. Aliyeturudisha ni mama mzee wetu, ambaye alisema kosa halikuwa la ukubwa wa kazi, lilikuwa la maji na la hesabu. Basi tulianza kujaribu nyumbani kwake, kwa maua machache, bila mteja.

Maji kwanza. Ua likatwe alfajiri au jioni, kwa kisu kikali, mshazari, liingie ndani ya ndoo palepale shambani. Majani ya chini yatolewe, maana yanaoza na kuchafua maji. Lilale usiku mzima ndani ya maji mengi, mahali pa giza na baridi. Hortansia ina tabia yake: inakunywa hata kwa kichwa. Ukiizamisha kichwa chini ndani ya beseni kwa nusu saa, hata ile iliyoanza kulegea inaamka. Siku tulipoona jambo hili kwa macho yetu, mtunza kesi alipiga kelele kama mtu aliyeokota pesa.

Halafu kile kinachoyashika maua. Wenye maduka ya ng'ambo wanatumia sponji la kijani linalonyonya maji. Hapa ni ghali, likivunjika ni unga wa plastiki usiooza, na likishatobolewa halifai tena. Sisi tulirudi kwenye mgomba. Shina lake limejaa maji. Tunalikata vipande, tunavifunga kwenye fremu ya miti ya mikaratusi kwa waya wenye matundu wa banda la kuku, tunatoboa kwa kijiti na kuchomeka ua. Vinabaki vibichi hadi kesho yake. Angalieni jambo moja tu: utomvu wa mgomba unatia doa lisilotoka, na gauni la arusi ni jeupe. Kateni shina siku moja mbele, liache litone, kisha lifunikeni vizuri kwa majani.

Na majani ndiyo yanayookoa hesabu. Mlango wetu wa kwanza tulitaka uwe maua matupu, juu mpaka chini. Sasa sehemu kubwa ni majani ya mikaratusi na ya msipresi, ambayo hayatugharimu kitu isipokuwa usafiri. Maua tunayasongamanisha pale ambapo kichwa na mabega ya mtu yatakuwa anapopigwa picha. Pembe za chini hakuna anayezitazama.

Tarehe 8 Machi iliyofuata tulijenga mlango wa pili chini ya baraza la ukumbi mmoja, tukikingwa na mvua. Hakuna aliyetulipa. Uligharimu dola 65, na safari hii kila mama alitoa kiasi anachoweza kukipoteza bila mtoto kulala njaa. Aliyetoa dola 2 hakuchekwa. Kesi ya likelemba haikuguswa. Pembeni tuliweka kibao chenye namba ya telefone, na wawili wetu walisimama hapo siku nzima na ndoo ya buke ndogo.

Tuwaambie ukweli juu ya matunda yake, maana watu wanapenda kusifia. Walisimama kupiga picha watu wengi hata tukaacha kuhesabu. Waliopiga simu katika mwezi ule ni 31. Walioleta pesa kwa mlango mkubwa ni 4. Lakini buke ndogo ziliisha saa saba. Walioona mlango waliacha kubishana bei ya buke ya arusi, na leo tunaiuza dola 20. Hoteli moja inachukua vazi tano kila Jumatatu, na vazi hizo, zisizopigwa picha na mtu, ndizo zinazotulisha. Mlango unafanya kazi ya mwenye kuita watu sokoni.

Kwa hesabu, sasa tunaanza na bei ya maua, tunaongeza usafiri, waya na siku zetu tatu za kazi, ndipo tunataja bei. Zamani siku zetu hatukuzihesabu kabisa, kana kwamba mikono ya mama ni ya bure. Nusu ya bei tunaidai mbele. Atakayenuna, anune. Ndugu na waumini wenzetu ndio tunaowadai kwanza.

Kuna mama aliyetuambia kwamba ni dhambi kumwaga dola mia mbili kwa kitu cha siku moja huku watoto wana njaa. Tulilifikiri neno lake, hatukulitupa. Lakini pesa ya maua ya plastiki inavuka mipaka na hairudi. Pesa ya arumu inapanda Kabare kwa wamama wanaozikata wakiwa ndani ya tope mpaka magotini, na tunajua majina yao.

Mmoja wao ni yule mama wa dola 60. Amekodi bonde dogo huko, na anatuuzia arumu. Arumu zake ni nzuri, ndefu, safi. Anatulipisha kabla hajazipakia. Tulimwomba mara mbili arudi katika kikundi. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili alisema atafikiri. Jumamosi ijayo tuna arusi, na tumeagiza kwake mashina 200. Avansi yake tumeshaituma.