Aliyefika wa Mwisho

Jumamosi moja ya muhula huu tulionyeshwa bwaloni sinema iitwayo Wilma, iliyotengenezwa mwaka 1977. Ni habari za Wilma Rudolph wa Marekani. Utotoni aliugua polio, hata akavaa chuma mguuni. Lakini katika Olimpiki ya Roma, mwaka 1960, alishinda nishani tatu za dhahabu katika mbio. Bwalo zima lilipiga makofi, nami nikapiga kuliko wengi.

Nilipogeuka nikamwona mwenzetu mmoja, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi. Yeye alikuwa kimya. Nikakumbuka mbio zetu za kwenda stesheni ya Itigi na kurudi. Alifika wa mwisho, jua kali, nasi tukauiga mwendo wake langoni tukicheka. Mimi ndimi niliyeanza.

Sinema za namna hii ni nzuri, ila nyingi humalizika kwa ushindi. Je, Wilma asingalishinda, ingalikuwa halali kumcheka? Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari, alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968, mguu wake umefungwa bendeji, na hata leo twamsifu. Mbona wa mwisho wetu tulimzomea?

Asubuhi nilimwendea nikamwomba radhi. Akanitazama kwa muda, akasema, "Nimesikia. Mbio zijazo nitakimbia tena."

Nami nitamngoja langoni, hata akichelewa.