Seva ya Nyumbani na Fedha za Amana

Siku hizi nyumba nyingi za Kiislamu zina chombo ambacho wazee wetu hawakukijua: kompyuta iliyowekwa pembeni, haina mtu aliyekaa mbele yake, usiku na mchana imewaka, nayo kazi yake ni kuhifadhi sauti na picha za watu wa nyumba ile na kuzipeleka katika simu na televisheni zilizomo vyumbani. Chombo hicho ndicho kiitwacho seva. Ndani yake huwekwa visomo vya Qurani, darsa za Ramadhani, video za harusi, na katuni ambazo wazazi wamezichagua wenyewe badala ya kuwaachia watoto wajiokotee katika mtandao. Na kwa kuwa nimeulizwa na jamaa kadha wa kadha ni mazabodi gani na prosesa gani zifaazo kununuliwa pindi seva ya zamani inapochoka, nimeona yafaa nieleze tulivyofanya sisi hapa kwetu Mombasa, huenda mwengine akafaidika.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisomesha darsa katika msikiti wa mtaani kwa muda wa miaka kumi na sita, na wanafunzi wake wakimrikodi katika kanda. Alipofariki tulizikusanya kanda 212, kila moja ya dakika 90. Ndugu watano tulichanga fedha, na nia iliyotamkwa siku ya kuchanga ilikuwa moja tu: sauti ya baba isipotee. Basi fedha zile, kwangu mimi niliyekabidhiwa, zilikuwa amana. Hazikuwa fedha za kununulia fahari.

Ndugu yetu mdogo, ambaye amesoma mambo ya kompyuta na ambaye siikanushi ilmu yake, alitaka tununue AMD Ryzen 9 5950X, prosesa iliyotoka 2020 yenye viini 16. Hoja yake ilikuwa kwamba seva yataka nguvu, na mwenye kununua kikubwa leo hatarudi dukani kesho. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kwanza tuihisabu kazi, viini tutavihisabu baadaye." Akakubali, nasi tukakaa na kalamu.

Kanda 212 za dakika 90 ni saa 318. Sauti ya mtu mmoja anayesomesha, ikihifadhiwa kwa kipimo cha kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua kama megabaiti 58 kwa saa. Zidisha: darsa zote za baba hazifiki gigabaiti 19. Sasa tazama upande wa pili. Dada yetu aliyeko Maskati alituletea video ya harusi ya bintiye, iliyopigwa kwa simu ya iPhone katika ukubwa wa 4K. Video ya namna hiyo huchukua kama megabaiti 170 kwa dakika, hata saa mbili za harusi zikashinda miaka kumi na sita ya darsa! Na katika kuipeleka sauti kwenye simu, prosesa haifanyi kazi ya kutajika. Husoma katika diski na kutuma, basi. Hata kompyuta yetu ya zamani, yenye Intel Core i5-3470 ya 2012, ilikuwa ikizitoa darsa bila ya kusitasita.

Iliyoishinda ni harusi. Simu nyingi za sasa huirikodi video kwa mtindo uitwao H.265, uliopitishwa 2013, kwa kuwa huchukua nafasi ndogo. Televisheni iliyomo chumbani mwa mama yetu ni ya zamani, nayo haujui mtindo huo, yaujua H.264 wa 2003. Hapo seva hulazimika kuwa mkalimani: huifungua picha ya mtindo mpya na kuifunga upya kwa mtindo wa zamani, papo hapo, huku mama akitazama. Kazi hii ikifanywa kwa viini vya prosesa vyenyewe ni nzito mno. Feni ililia kama kinu, picha ikakatika kila baada ya sekunde chache, na mama akasema zimeni, mtaiunguza nyumba.

Lakini yapasa ijulikane kwamba tangu 2011 Intel wameweka ndani ya prosesa zao nyingi kipande mahsusi cha kufanya ukalimani huu, nacho hukaa pamoja na sehemu ya picha. Kipande kilichomo katika prosesa ya 2012 hakiujui H.265 kabisa, ujuzi huo ulianza kuingia 2015, na katika prosesa za 2017 ukakamilika zaidi, hata ukaweza rangi za biti 10. Kwa hiyo kilichokuwa kimetupungukia hakikuwa wingi wa viini. Hiyo Ryzen ya viini 16 haina sehemu ya picha hata kidogo, na mwenye kuinunua kwa kazi hii hana budi ama kuvitumikisha viini vyake kwa moto na umeme mwingi, ama kununua kadi ya picha mbali. Ni prosesa njema kwa mwenye kazi yake. Kwa mama mmoja na televisheni moja ni kukodi lori la kubebea kikapu cha sokoni.

Na hapa nina neno kwa mnunuzi. Dukani ataonyeshwa prosesa mbili za Intel za nambari moja, mathalan i5-12400 na i5-12400F, na hiyo ya pili aghlabu ni rahisi kidogo. Herufi F maana yake sehemu ya picha haitumiki, na pamoja nayo umekikosa kile kipande cha ukalimani. Kwa mchezaji wa michezo mwenye kadi yake hiyo ni nafuu ya kweli. Kwa seva ya nyumbani umeuziwa nyumba isiyo na jiko.

Tukabakiwa na mbili za kuchagua. Ya kwanza ni Intel N100 ya 2023, yenye viini 4 na kiwango cha wati 6 tu, nayo huuzwa ikiwa imekwisha lehemewa juu ya mazabodi yake. Ijapokuwa ni ndogo, kipande chake cha ukalimani kinaujua H.265. Kwa nyumba yenye diski mbili sioni sababu ya kutafuta zaidi. Ya pili ni i3-12100 ya 2022, nayo ina viini 4 vyenye nguvu zaidi, na huingia katika soketi ya LGA 1700. Tulichukua hii ya pili, na iliyoamua ni mazabodi. Sisi tuna diski tatu, na ya nne yaja inshaallah, hali mazabodi za N100 tulizozikuta madukani zilikuwa na matundu mawili tu ya Sata. Tena kitu kilicholehemewa kikifa kimoja vimekufa viwili, na katika hewa yetu hii ya chumvi mazabodi hufa.

Basi mazabodi ichaguliwe kwa kuhisabu matundu. Yetu ina manne ya Sata, na tundu la M.2 kwa diski ndogo ya programu. Lakini soma kijitabu chake kwanza, kwani katika baadhi ya mazabodi ukilitumia tundu la M.2 hufungika moja la Sata, na muuzaji hatakwambia. Uliza pia kama ni ya memori za DDR4 au DDR5, kwa kuwa hazibadilishani. Gigabaiti 8 zatutosha. Mlango wa waya wa gigabiti 1 nao watosha: hata diski za sinema za 4K hazipiti megabiti 128 kwa sekunde, na saba kama hizo zaweza kupita kwa pamoja. Walitaka kutuuzia mazabodi ya gigabiti 2.5, nikauliza nani nyumbani atazame sinema ya nane.

Umeme nao tuliupima kwa kipimo cha ukutani. Mashine ya zamani ilikuwa ikila wati 60 hata isipokuwa na kazi, na mpya hula 30. Kwa kuwa seva hailali, hizo 60 ni zaidi ya yuniti 525 kwa mwaka, na tumeokoa nusu yake. Sisi tuliofundishwa tusifanye israfu hata katika maji ya udhu, sioni vipi tusihisabu haya.

Programu tuliyoitia ni Jellyfin, iliyoanza 2018. Haina malipo, ila sharti mtu aingie katika mipangilio aiamuru itumie kile kipande, kwani yenyewe haianzi. Kadhalika humpa kila mtu wa nyumba jina na neno lake la siri. Video ya harusi ile, iliyopigwa upande wa wanawake, haionekani ila kwa wanawake. Mimi mwenyewe niliyeifunga mashine sijaiona, wala siioni.

Fedha zilizosalia zilitosha diski moja zaidi, na ndugu yetu mdogo ndiye aliyependekeza itumikeje. Darsa zote 212 zimo humo, na diski yenyewe imo kabatini mwa dada yetu mkubwa huko Likoni, haikuunganishwa na mashine yoyote. Kila baada ya miezi sita mmoja wetu huvuka kwa feri kwenda kuijaribu kama bado yafunguka.