Alipanda?

Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa darasa la tano, kijijini kwetu nje kidogo ya mji wa Bukoba. Niliporudi kutoka shule sikumkuta mama shambani wala jikoni. Alikuwa kwa jirani, yeye na karibu nusu ya kijiji, wameizunguka redio. Mzee mwenye nyumba alikuwa akiziuma betri kwa meno ili zisogee hata nusu saa. MV Bukoba ilikuwa imepinduka asubuhi ile, karibu kabisa na Mwanza.

Siku hiyo kila mtu aliuliza neno moja: "Alipanda?" Meli iliruhusiwa kubeba abiria 430, lakini walioingia Bukoba na Kemondo walikuwa wengi kupita orodha, kwa hiyo orodha haikuwa na jibu. Shangazi alishuka bandarini kwa miguu kumuulizia mwanawe, aliyekuwa akipeleka ndizi Mwanza. Akamkuta kuli aliyembebea mikungu. Kuli akainamisha kichwa. Shangazi hakuuliza tena.

Baadaye tulisikia kwamba meli ilielea kifudifudi, na waliokuwa ndani wakigonga chuma. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa ikatoka, meli ikazama nao. Walikufa watu zaidi ya 800. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza. Binamu yangu hakuonekana. Tulikaa matanga bila kaburi.

Miaka kumi baadaye, chuoni Dar es Salaam, nililikuta swali limebadilika: "Wewe ulikuwa wapi siku ya meli?" Hakuna aliyeuliza meli ipi. Mwenzetu wa Songea, ambaye hajawahi kuliona Ziwa Victoria, alisimulia walivyopangwa mstarini shuleni kwao, mwalimu akashindwa kumaliza tangazo. Nilimsikiliza nikimwona shangazi. Msiba wa nyumba yetu ulikuwa umelala pia nyumbani kwao, miaka yote hiyo.

Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa lilelile. Walikufa watu 228. Simu za watu wa rika langu zilijaa swali jipya: "Kilibeba wangapi?" Tulikuwa tumeshakua, na uchungu wetu ulikuwa umejifunza kuhesabu. Naamini hilo ndilo deni letu kwa waliogonga chuma kile: swali hili liulizwe gatini, kabla kamba hazijafunguliwa.

Mwaka jana nilimsindikiza binti yangu, anakwenda Mwanza kwa meli. "Baba, nenda tu, nimeshakata tiketi," akaniambia. Sikuondoka. Nilisimama pale dirishani mpaka nikamwona karani anaandika jina lake, majina yote matatu.