Safari Zangu na Mbwa wa Nyumbani

Katika gazeti hili wenzangu wengi wamekwisha andika habari za safari zao. Mmoja alikwenda Dar es Salaam, mwingine alipanda meli katika Ziwa Tanganyika, na mwingine aliyaona maporomoko ya Kalambo. Mimi sijafika mbali. Safari zangu karibu zote nimezifanya kwa miguu, hapa hapa Ufipa, nikifuatana na mbwa. Nilipomwambia mhariri kwamba nataka kuandika habari za mbwa, alicheka sana, lakini akaniachia nafasi. Basi nawaomba wasomaji nao wacheke mapema, kwa maana mbele ya safari hii kicheko ni kidogo.

Kijiji chetu kipo chini ya milima ya Mbizi, si mbali sana na mji wa Sumbawanga. Nchi yetu ni ya juu, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai upepo huvuma kwa baridi kali. Miti ni haba, isipokuwa msitu ulio juu ya milima, wanamokaa mbega wekundu. Kwingine kote ni majani na mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na ngano. Katika nchi iliyo wazi namna hii, mtu anayetembea na mbwa huonekana tangu mbali, na watu hujua ni wa nyumba gani kabla hajafika.

Mwaka jana mbwa wetu walikuwa saba. Mkubwa wao ni Simba, ambaye sasa ni mzee na sikio lake moja limechanika. Mkewe ni Tabu. Wa tatu ni Watasema, jina alilopewa na mama wakati majirani walipokuwa wakisema kwamba tunafuga mbwa wengi kuliko kuku. Wa nne ni Jirani, ambaye hatukumnunua wala hatukupewa. Alikuja mwenyewe usiku mmoja wa mvua, akalala penye majivu, asubuhi akakataa kuondoka. Hao watatu waliobaki ni watoto wa Tabu, waliozaliwa mwezi wa Februari: Chai, kwa sababu ya rangi yake, Saa Sita, kwa sababu ya saa aliyozaliwa, na Kobe, kwa sababu ya mwendo wake.

Watu wengine hudhani kwamba mbwa wa kijijini kazi yake ni kuwinda. Baba hakubali jambo hilo. Husema kwamba mnyama wa porini ana sheria yake, na kweli iko Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inayokataza kuwinda bila kibali. Kazi ya mbwa wetu ni kulinda. Mchana huwafukuza ngedere na nguruwe mwitu katika mahindi, na usiku hulala mlangoni pa zizi la mbuzi.

Kila likizo mimi ndiye ninayekwenda nao shambani. Baba alinifundisha kanuni za kutembea nao tangu nilipokuwa darasa la tatu. Kanuni ya kwanza, mbwa mkubwa atangulie, nawe ukae nyuma ya mdogo kuliko wote. Kanuni ya pili, ukikaribia ng'ombe wa watu, waite wote waje miguuni pako. Kanuni ya tatu ndiyo aliyoisema mara nyingi zaidi: “Ukitoka, wahesabu. Ukivuka kijito, wahesabu. Ukirudi, wahesabu. Mbwa hajui kusema kwamba ameachwa.”

Sasa nitaeleza jinsi nilivyoivunja kanuni hiyo.

Katika likizo ya Juni mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, ilitangazwa kwamba afisa mifugo atakuja katika kijiji cha jirani kuwachanja mbwa ili wasipate kichaa. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa mbili. Baba alikuwa akipura maharage, basi akanituma mimi na mbwa wote saba. Tulitoka asubuhi, umande ukiwa bado majanini. Nilikuwa nimevaa sweta la shule, nami nilijiona mtu mkubwa.

Mwendo wa saa moja ulikuwa mzuri. Tulipokaribia gulio, Kobe alichoka. Alikaa vumbini akaanza kulia. Nilimwinua, akakaa tena. Ilikuwa hapana budi nimbebe mabegani, kama baba anavyombeba mwanakondoo. Wakati huo huo pikipiki ikasimama, na juu yake walikuwapo vijana wawili ninaosoma nao. Mmoja akapiga kelele, “Mtazameni mwalimu wa mbwa! Leo ni somo gani?” Watu wa gulioni wakageuka, wakacheka.

Naandika kweli tupu: niliona haya. Sikuweza kupita katikati ya gulio lile, mimi msomi, nimebeba mtoto wa mbwa shingoni. Karibu na njia palikuwa na bibi mmoja aliyeuza chai na maandazi. Nikamfunga Kobe katika mti nyuma ya banda lake. Bibi akaniuliza, “Mjukuu wangu, huyu yeye hachanjwi?” Nikamjibu kwamba nitamrudia.

Sikumrudia kwa wakati. Watu walikuwa wengi, na zamu yetu ilipofika jua lilikuwa limekwisha pinduka. Afisa mifugo aliwachanja mbwa sita, akaandika karatasi, akafunga sanduku lake la barafu. Nilimchukua Kobe tuliporudi. Nyumbani baba aliuliza neno moja tu, “Wote?” Nami nikajibu neno moja, “Wote.” Nikampa karatasi. Hakuifungua. Aliikunja, akaitia katika kopo la stakabadhi, akasema, “Msomi akisha soma, mimi nisome tena nini?”

Siku chache baadaye tulifanya safari ndefu kuliko zote nilizopata kufanya na mbwa. Mjomba wangu anakaa upande wa Muze, chini katika bonde la Ziwa Rukwa, naye alikuwa ameomba mtoto mmoja wa Tabu. Baba alimchagua Kobe, akisema kwamba mbwa wa polepole hafai mlimani lakini atafaa kulinda nyumba. Tulijaribu kupanda gari la abiria. Kondakta akatutazama sisi wawili na mbwa watatu, Simba, Tabu na Kobe, akauliza kama mbwa watalipa nauli ya watu wazima au ya watoto. Baba alicheka, tukashika njia ya miguu kabla ya mapambazuko ya siku ya pili.

Aliyepata kuteremka ukingo ule, unaoitwa Lyamba lya Mfipa, hawezi kuusahau. Juu tulikuwa tukitetemeka ndani ya makoti. Mara nchi ikakatika mbele yetu, na mbali sana chini tukaliona Ziwa Rukwa likimetameta kama bati jipya. Kutoka juu hadi bondeni ni kiasi cha mita 1,000. Kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyozidi. Tulivua makoti, kisha masweta, na mbwa walitoa ndimi nje. Katika kila kijito baba alisimama akahesabu kwa sauti, “Moja, mbili, tatu,” ingawa walikuwa watatu tu na wote tuliwaona.

Penye majabali tulikutana na kundi la nyani. Dume lao moja kubwa lilikaa katikati ya njia likatuonyesha meno. Simba hakubweka. Alisimama mbele ya baba, nywele za mgongoni zimesimama, Tabu akasimama ubavuni mwake, na Kobe akajificha katikati ya miguu yangu huku akitetemeka. Baada ya kitambo lile dume likaondoka polepole, kama mzee aliyekumbuka shughuli yake. Nilimwinua Kobe, nikambeba mabegani mpaka chini. Njiani hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Tulifika jua likikaribia kuchwa. Mjomba alitupokea kwa wali na samaki wa ziwani. Binti yake, mwenye umri wa miaka minane, alimchukua Kobe mikononi na usiku huo hakukubali kumwachia. Mjomba akauliza, “Shemeji, huyu amechanjwa? Huku mbwa wa kuzurura ni wengi.” Baba akanielekeza kidole kwa furaha, akasema, “Mpwa wako ndiye aliyempeleka.” Mjomba akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ningaliweza kusema wakati ule. Sikusema.

Miezi ikapita, likizo ya Desemba ikafika. Jioni moja simu ya baba ililia. Alikuwa mjomba. Alisema kwamba Kobe amebadilika. Alikuwa ameacha kula, anatafuna vijiti, mate yanamtoka, sauti yake imekauka, wala hamjui mwenyewe. Majuma kadhaa nyuma alikuwa amepigana na mbwa mgeni. Sasa amemfunga mtini. Lakini kabla ya kufungwa, jana yake, alikuwa amemwuma yule binti mkononi. Kidonda si kikubwa. Nikamsikia baba akisema, “Usiwe na hofu, Shemeji. Huyo alichanjwa.”

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa amekwisha tufundisha habari za ugonjwa huo. Alitueleza kwamba mwaka 1885 huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Alitueleza pia kwamba dalili zikisha kumtokea mtu, karibu hapana anayepona. Mimi niliyaandika hayo katika daftari langu, nikapata alama nzuri katika mtihani. Na sasa nilikaa karibu na moto, nikimsikia baba akimtuliza mjomba kwa uongo wangu.

Nilisema, “Baba, Kobe hakuchanjwa.” Alilileta kopo, akaifungua ile karatasi karibu na taa. Imeandikwa: mbwa 6. Tarakimu hiyo ilikuwa imekaa ndani ya kopo miezi sita. Hakunipiga wala hakunitukana. Alimpigia tena mjomba, akamwambia kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15, na kwamba asubuhi mtoto apandishwe Sumbawanga hospitalini bila kukosa.

Mtoto aliletwa. Alichomwa sindano siku ile ile, na nyingine katika siku alizopangiwa, hata zikatimia. Baba aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na matumizi. Kobe alikufa siku ya tatu, akiwa amefungwa, na afisa mifugo wa kule akasema kwamba dalili zote zilikuwa za kichaa. Nilimlilia. Kosa halikuwa lake.

Kisha baba akanituma Muze peke yangu, nikaseme kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilipokwisha kusema, mjomba alinyamaza muda mrefu, akajibu, “Mbwa amekufa, mtoto yupo. Lakini siku nyingine usiniletee chanjo ya maneno.” Mke wake alinipa chakula kizuri kama siku zote, ila hakunitazama usoni. Binti yao sasa ni mzima, na amerudi shuleni. Bado anaogopa mbwa, hata akisikia sauti tu.

Mwezi wa Juni mwaka huu siku ya chanjo ilitangazwa tena. Tabu alikuwa na watoto wengine watatu, basi jumla walikuwa tisa. Nilikwenda nao. Gulioni mdogo wao alichoka, nikambeba mabegani, nikapita katikati ya watu. Walicheka kama mwaka uliopita. Yule bibi wa chai akaniita, akampa maji. Niliporudi, kabla baba hajauliza nilimfungulia karatasi, naye akaisoma kwa sauti. Kisha akatoka nje, akahesabu mbwa mmoja mmoja mpaka tisa. Sikuona vibaya.

Wasomaji wenzangu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, wakiwamo watoto wengi. Karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni siku ya kuukumbuka duniani kote. Mtu akiumwa, aoshe kidonda na aende hospitali, hata akiambiwa kwamba mbwa huyo amechanjwa. Mimi najua jinsi maneno hayo yanavyoweza kusemwa.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho, kisha nitarudi nyumbani. Simba sasa hawezi kutangulia tena. Hutembea nyuma kabisa, pamoja nami. Kwa hiyo mimi huanza kuhesabu kwake.