Nyumba ya Mombasa, parseli ya Kindu



Likizo iliyopita nilimtembelea yaya yangu Mombasa. Alinipeleka Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Njia ya Ndia Kuu ina nyumba za zamani, milango ya kuchongwa na roshani za mbao. Moja ilikuwa inauzwa. Nikaanza kuota vyumba vya wageni na upepo wa bahari.

Yaya akacheka: “Mdogo wangu, wewe si Mkenya. Katiba yao ya 2010 inampa mgeni ardhi kwa miaka isiyozidi 99. Na ukitaka kubadilisha hata dirisha, uombe kwanza ruhusa kwa watu wa makumbusho.”

Nikaona kwamba nyumba inashikwa na karatasi kuliko ukuta.

Nikakumbuka mama mmoja wa kikundi chetu. Pesa ya likelemba yake ilijenga nyumba hapa Kindu, lakini parseli iliandikwa kwa jina la shemeji. Mume alipofariki, alitoka na watoto na sufuria zake tu.

Kwetu, sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali. Haki yako inathibitishwa na sertifika ya ofisi ya ardhi. Tena, tangu 2016, mama aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume ili kununua kwa jina lake.

Basi wamama, kabla ya kununua mabati, tuulizane: sertifika iko wapi, na imeandikwa jina la nani?